Mama wa Kaunta Buku

Ijumaa moja ya Mei 2014, jua likiwa limeshalalia upande wa mto Nile, msichana aliingia steshenari kwangu Jinja akiwa ameishika flashi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Ripoti yake ya utafiti, kurasa sitini na kitu, ilitakiwa Jumatatu asubuhi. Jana yake alikuwa amechapa sura ya pili hapo hapo kwangu. Sasa kila folda ilikuwa imegeuka njia ya mkato yenye kishale kidogo, na ukikibofya hakikufikishi popote.

Alipokwisha kulia akaniuliza, "Mama, kirusi hiki kimetoka wapi?"

Nikamwambia sijui. Nilijua. Kimetoka kwangu.

Duka nililifungua 2009 na kompyuta mbili za mitumba kutoka Kampala, Pentium 4 zilizonguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Fundi aliniwekea Windows XP kwa shilingi 20,000, nami nikajiona nimenunua Windows. Kumbe nilichonunua ni mkono wa fundi tu, kwa sababu nakala yenyewe ilikuwa ya kunakiliwa, na akaniagiza nisiiache ijisasishe kamwe, isije ikagundua kwamba imeibwa. Nikatii. Kwa miaka mitano flashi za mji mzima ziliingia na kutoka kwenye mashine zisizo na kinga, kila moja ikichukua ugonjwa wa aliyetangulia na kumwachia anayefuata. Isitoshe, tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft walikuwa wameacha kuihudumia XP hata kwa wale walioinunua kihalali.

Bahati ya yule msichana, mtoto wa kaka yangu alikuwa amekuja kunisalimu kutoka chuoni Mbale. Akasema, "Shangazi, usiguse kitu. Niachie." Akatoa CD kwenye begi, akaitia, akaiwasha upya mashine. Ikaja skrini nisiyoijua, ya buluu tulivu. Akanieleza kwamba mfumo mzima unaendeshwa kutoka kwenye CD ile na XP yangu imelala tu ndani ya diski, haijaguswa. Akachomeka flashi. Vishale vyote vikaonekana, pamoja na faili mbili tatu za kihuni, na katikati yao folda isiyo na jina kabisa. Akaifungua. Ripoti ilikuwamo, sura zote tano, na picha za msichana na dada zake juu.

Haikuwa imefutwa. Kirusi kile kiliandikwa kwa ajili ya Windows. Kazi yake ni kuyabandika mafaili yako alama ya kufichwa na kukupa vishale vya uongo badala yake, ili ukibofya ukisambaze. XP iliitii ile alama. Mfumo uliokuwa kwenye CD haukuijali, wala haukuweza kukiendesha kirusi chenyewe, ukakiona ni faili tu kama faili nyingine. Kijana akafuta uchafu, tukachapa ripoti nzima, sikumtoza hata senti. Msichana aliniombea dua nyingi. Nilizipokea na aibu yangu, na ukweli sijamwambia hadi leo ninapouandika hapa.

Huku kwetu Uganda neno ushuhuda lina wenyewe. Waliookoka husimama mbele za watu wakataja siku na saa. Mimi ni Mwislamu, binti wa fundi wa reli aliyehamishwa mara Jinja mara Mbale, na Kiswahili chetu cha nyumbani ni hicho hicho cha reli. Lakini na mimi siku ninayo, na saa ninayo.

Usiku ule tulikaa tukila rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai ambayo sisi watu wa Busoga tunadai ni yetu, nikamhoji kijana kama polisi. Nani anatoa bure kitu kizuri hivi? Anakula wapi? Akanieleza habari za Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyeandika Linux, kiini cha mfumo huu, mwaka 1991 akiwa na miaka 21, akawaachia watu wakitazame na kukirekebisha. Na kabla yake Richard Stallman wa Marekani, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, na leseni isemayo: tumia, fungua ndani, badilisha, mpe mwenzako, sharti ni moja tu, utakayempa naye apate uhuru ule ule ulioupata wewe. Kijana alilisema hilo sharti kwa namna ambayo nilidhani anasoma hati ya wakfu.

Toleo aliloniletea lilikuwa Lubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu, linaloweza kutembea kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo kama zangu. Ubuntu yenyewe ilitolewa Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini ambaye kabla ya hapo alikwenda angani. Toleo la kwanza alilipa jina la ngiri mwenye chunjua. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Ila jina lenyewe halikuhitaji mkalimani. Ubuntu ni utu, na jirani zetu Waganda wana obuntubulamu yao. Kuhusu kula, akasema Canonical wanauza huduma kwa makampuni, na watu wengi wanaoandika kiini hicho wameajiriwa na kampuni zinazokihitaji. Nilipozidi kubisha akanionyesha simu yangu ya Android: kiini chake ni hicho hicho. Nilikuwa nikitembea nacho kwenye mkoba.

Jumapili mashine zote mbili zilikuwa zimebadilishwa. Jumatatu zikawa zinawaka haraka kuliko zilivyowahi. Ndani ya mwezi mmoja mji ulishanipa jina, mama anayefufua flashi. Watu walikuja kutoka Bugembe na Walukuba, shilingi 2,000 kwa flashi. Hapo ndipo ningeishia kama ningekuwa nauza kitu. Lakini ushuhuda wa nusu ni uongo.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Mfumo ule haukunigharimu kitu kuupata, lakini ulikuwa na njaa. Kila wiki ulitaka masasisho, na masasisho yalitaka bando. Modemu yangu ilimeza bando la mwezi kwa siku mbili, na sikuwa hata nimemfungulia mteja barua pepe. Yule aliyebuni utaratibu huu, nadhani, alikuwa akiishi mahali ambapo intaneti hutoka ukutani kama maji.

Dawa aliileta kijana yule yule. Kumbe kila kifurushi ambacho Ubuntu ilikipakua kilibaki kwenye folda moja ndani ya mashine, na ukikinakili ukakipeleka kwenye mashine ya pili yenye toleo lile lile, haihitaji kupakua tena. Basi akawa anasasisha laptopu yake kwa intaneti ya chuo, anajaza flashi, na kila alipokuja Jinja alishuka kwenye matatu ya barabara ya Tirinyi na mizigo miwili: fungu la malewa, machipukizi ya mianzi, kutoka kwa mama yake, yamekaushwa kwa moshi mpaka flashi ikanukia moshi, na masasisho ya mwezi mzima. Malewa niliyapika kwa karanga. Masasisho niliyatia kwenye mashine mbili kwa amri moja aliyoniandikia mwenyewe kwa kalamu. Ndiyo amri ya kwanza katika kaunta buku langu, lile daftari kubwa la jalada gumu ambalo nilikuwa nalitumia kwa madeni ya wateja. Madeni yalianzia mbele, amri zikaanzia nyuma.

Balaa la pili lilinipata msibani. Familia moja iliniletea programu ya mazishi, vitabu mia tatu, kurasa nane, imepangwa kwenye Microsoft Word kwa mwandiko wa Calibri. Mwandiko ule una mwenyewe na haumo ndani ya Ubuntu. LibreOffice, Word yetu ya bure, ikauona haupo, ikachukua mwingine ulio mpana kidogo, bila kuniuliza. Maneno yakasukumana. Picha ya marehemu ikashuka ikakaa chini ya kichwa kisemacho "Kamati ya Chakula", na wasifu wake ukaishia katikati ya sentensi, akiwa bado darasa la saba. Nilitazama ukurasa wa kwanza, nikaona uko sawa, nikachapa vyote mia tatu. Mjomba wa marehemu alivifungua mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa, hasemi neno. Nilichapa upya kwa gharama yangu, kwenye duka la jirani.

Baadaye nilijifunza kwamba kuna mwandiko huria uitwao Carlito, wenye herufi zenye upana ule ule wa Calibri, ni kuuweka tu. Nilijifunza pia kumwambia kila mteja alete PDF. Lakini mimi siwalaumu wanaosema Linux iliwaharibia kazi. Iliniharibia na mimi, na ilikuwa kweli.

Halafu kuna printa. Nilinunua moja ya leza, ya kampuni kubwa, nzuri, wino wake rahisi. Windows ingeitambua kabla sijamaliza kufungua boksi. Ubuntu iliitazama kama mkwe anavyotazama posa ya kaka mlevi. Kampuni ilikuwa imetoa programu ya Linux kwa shingo upande, na kila toleo jipya la mfumo lilipokuja, programu ile ikafa. Wiki nzima ya jioni zangu iliishia pale. Na ofisi moja ya serikali ilikuwa na fomu ya Excel iliyojaa makro ndani yake, ambayo LibreOffice iliifungua vizuri kabisa na kisha vitufe vyake havikufanya lolote. Wateja wa fomu ile walikuwa wengi na walilipa vizuri.

Nikanywea. Nilinunua laptopu ya mitumba yenye Windows ya leseni halali, nikaiweka pembeni, ikafunikwa kitambaa. Kijana wangu alipoiona alinuna. Tuliibatiza jina Mkwe: anaheshimiwa, anapewa kiti chake, hazoeleki, na hakuna flashi ya mtu iliyoruhusiwa kumgusa kabla haijapita kwanza kwenye Lubuntu kunawa mikono. Wapo watu wa programu huria watakaoniona nimeritadi. Wao hawana wateja wanaosubiri kwenye benchi.

Kitu kilichonibadilisha hasa, kuliko ile flashi ya msichana, kilitokea usiku mmoja wa mvua mwaka 2016. Jinja ni mji wenye bwawa. Owen Falls lilifunguliwa 1954 na Malkia Elizabeth, sasa tunaliita Nalubaale, na umeme wetu hukatika huku tukisikia kwa mbali maji yanayouzalisha. Ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Nilipowasha mashine kubwa haikuja skrini ya buluu. Ikaja nyeusi, maandishi meupe, na mwishoni neno "initramfs" likiwa kwenye mabano, na kimstari kinapepesa macho.

Zamani ningefunga duka nimtafute fundi. Nilimpigia kijana Mbale.

"Shangazi, usiogope. Diski imejikwaa, inataka kukaguliwa. Andika ninavyokwambia. Efu, esi, si, kei. Acha nafasi. Kistari, wai. Acha nafasi. Mkwaju."

"Mkwaju upi? Ule mti?"

"Ule mstari unaolala upande, Shangazi. Uko karibu na kitufe cha nukta."

"Haya, mkwaju."

"Di, i, vi. Mkwaju tena. Esi, di, ei, moja. Bonyeza Enter."

Maandishi yakateremka kama mvua ya nje. Sikuelewa mstari hata mmoja, ila niliona kwamba mashine inanieleza inachofanya. Miaka mitano na XP ya wizi haikuwahi kunieleza kitu. Ilipoharibika ilionyesha skrini ya buluu na mimi nikasema bismillahi nikaizima. Hii ilikuwa inasema: nimekuta kosa hapa, nimelirekebisha, nimekuta lingine hapa, nimelirekebisha. Baada ya dakika kumi na kitu kijana akanipa neno la mwisho, "exit", na skrini yangu ikarudi. Nikachukua kaunta buku nikaiandika amri yote, na pembeni nikachora mkwaju.

Tangu hapo nikawa nauliza. Kwa nini hii inakataa? Inatafuta nini? Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na nilikuwa nimeacha shule Senior Four.

Mwaka 2018 mama alipougua nilihamia Mbale kumuuguza, duka la Jinja nikamwachia mdogo wangu, nikafungua jingine upande wa Nkoma, njia wanayopita wanafunzi wa chuo kikuu cha Kiislamu. Ukikaa mlangoni unauona mlima Wanale, na msimu wa mvua maporomoko yake yananing'inia kama shuka zilizoanikwa. Mwaka ule ule serikali ikaweka kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, na bando likawa jambo la kupigiwa hesabu zaidi. Mzigo wa flashi sasa ukageuza njia: mimi ndiye niliyekuwa nasasisha Mbale na kumpelekea mdogo wangu Jinja.

Wateja wa Mbale wana shida zao. Mwanafunzi anayefanya utafiti ameambiwa na msimamizi wake atumie SPSS, programu ya takwimu. Leseni yake hawezi kuinunua hata auze ng'ombe, kwa hiyo anatumia ya wizi, na virusi vinakuja humo humo. Mimi ninawaonyesha PSPP, ambayo ni ya mradi wa GNU na inafungua data ile ile. Inafanya hesabu nyingi wanazozihitaji, si zote. Wapo waliomaliza nayo. Wapo waliorudi wakasema msimamizi hataki kuiona. Na wanafunzi wa sekondari wanaokuja kufanya mazoezi ya mtihani wa kompyuta wananiuliza kitufe alichokisema mwalimu kiko wapi, na hakipo, au kipo kwingine kwa jina lingine. Hao nawapeleka kwa Mkwe bila mabishano. Mtoto wa mtu hafelishwi kwa ajili ya imani yangu.

Lililoniuma zaidi lilitoka upande nisioutazamia. Zile Pentium zangu mbili, ambazo nilikuwa najigamba kwamba Windows ilizitupa na Linux ikaziokoa, zilitupwa tena. Lubuntu iliacha kutoa matoleo kwa mashine za biti 32, na toleo la mwisho la huduma ya muda mrefu, la 2018, lilihudumiwa mpaka 2021. Nikazihamishia Debian, nayo toleo lake la 13, la Agosti 2025, halina tena kisakinishi cha mashine hizo. Wanaoandika programu hizi hawana muda usio na mwisho, na hakuna aliyebaki kujitolea kwa ajili ya Pentium ya Jinja. Ninaelewa. Mashine moja nimeizima kwa heshima, nyingine inapiga qaswida dukani, haijaunganishwa na intaneti wala haijui dunia ilikofika.

Mwaka ule ule, tarehe 14 Oktoba, ikawa zamu ya Windows 10 kuachwa, na laptopu nyingi nzima hazikidhi masharti ya Windows 11. Zinaletwa kwangu kwa mafungu. Watu wamesikia kwamba yule mama anaweka kitu cha bure. Simwekei mtu kabla sijamuuliza maswali. Printa yako ni ipi? Unajaza fomu za nani? Siku ikija skrini nyeusi, una nani wa kumpigia? Hili la mwisho ndilo muhimu. Asiye na mtu namwambia arudi na mtoto wake, au na jirani, wakae wote wawili.

Wiki iliyopita alikuja mwalimu wa shule ya msingi kutoka Sironko, laptopu ya mitumba mkononi. Printa hana, fomu hajazi, anaandika mitihani tu. Nikamuuliza swali la tatu. Akafikiri, akatazama meza yangu, akaliona kaunta buku limefunguka upande wa nyuma, kurasa zimechakaa, mikwaju imechorwa pembeni.

"Nyabo, hilo naweza kulitoa fotokopi?"

Nikahesabu kurasa za amri, nikaacha zile za madeni. Arobaini na sita. Akauliza ni pesa ngapi. Nikamwambia yaliyoandikwa ni yako, na akikuomba mtu mpe. Karatasi ni shilingi 100 kila moja. Akatoa 5,000. Nikamrudishia 400.